Acha Kuhesabu Pumzi Zangu

Nekesa mama,

Umeenda kusukwa kwa Shiru, na vile ninavyomjua Shiru, mkono mmoja nyweleni na mdomo kwenye habari za ploti nzima, hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hivyo nimefunika cherehani, nimesogeza kiti mlangoni penye mwanga, na nimechukua ile kalamu yako uliyosema hakuna mtu aiguse. Nimeigusa. Nitakupa karatasi hizi tukishakula, uzisome kabla hujafunga sanduku.

Mambo ya kufuli, blanketi na sufuria sitayarudia. Nimeshayasema mara kumi, na mara ya kumi na moja utaanza kuniita redio. Habari za wavulana pia naziacha, kwa sababu hapo una akili kuliko niliyokuwa nayo mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Ninataka kuandika juu ya meno yako.

Jumanne nilikusikia. Uliyasaga usingizini mpaka nikaamka nikaketi. Ilikuwa ile sauti ya zamani, kama mtu anatafuna changarawe, na nilikuwa sijaisikia kwa miaka tisa. Asubuhi nikakuuliza una nini. Ukanijibu huku unakata mkate ambao hukuula, "Ma, niko fiti. Ni hizi tu fomu za chuo zimenichosha." Nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza nakujua vizuri kuliko kushona.

Halafu Ijumaa Mama Achieng' akaja. Hakukaa hata, na wewe unajua Mama Achieng' akikataa kiti kuna jambo. Akasimama hapo mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Nekesa, mimi siwezi kaa na hii kitu kwa roho. Msichana wako ameniambia kila asubuhi nichungulie kama umefungua mlango, halafu nimtumie meseji. Na ananiuliza eti akienda huko Meru akae wiki moja arudi, chuo kitamfukuza?"

Wiki moja, Nekesa! Umeisaka hiyo nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi tangu siku ulipoona wale vijana na vyombo vyao vya miguu mitatu wakipima barabara, ukarudi kuniambia unataka kazi ya kusimama juani na kuwaambia wanaume mahali pa kuchimba. Umeipata. Sasa unapanga kwenda kuionja tu, urudi kunichunga kama ng'ombe mgonjwa.

Ningependa kusema sikukasirika. Nilikasirika sana. Kwanza nilikukasirikia wewe, halafu nikakaa kwenye kiti hiki hiki nikajikasirikia mimi, kwa sababu hiyo kazi ya kunilinda hukujichagulia. Nilikupa mimi, ukiwa na miaka kumi, na sikuwahi kukuambia imeisha. Leo nakuachisha kazi, na mtu akiachishwa kazi ana haki ya kuelezwa sababu.

Turudi kule mtaa wa Raila, tulikokaa kabla ya hapa. Unaikumbuka ile nyumba, chumba kimoja cha mabati, ukikohoa huku jirani wa kule anakuambia pole. Baba yako alikuwa soja wa geti kule Nyayo Highrise kama alivyo leo, anaondoka jioni na tochi yake na kurudi asubuhi na macho mekundu. Usiku tulikuwa mimi na wewe, pazia katikati. Na mwaka ule nilikuwa na mimba. Ulikuwa ukiweka sikio tumboni kwangu na kumwambia aliye ndani atoke haraka, kuna kazi ya kuchota maji.

Alitoka Aprili, mvua ikinyesha, na hakulia. Alikuwa mvulana. Nilimwona mara moja tu, wakamfunika. Baba yako alitia sahihi karatasi fulani na hospitali ikabaki naye, na mimi nikarudi nyumbani na mfuko wenye zile nguo ndogo nilizomshonea mwenyewe. Kwetu mtoto kama yule hafanyiwi matanga. Hakuna turubai, hakuna watu wa kukesha, hakuna anayesimama kusema alikuwa mtu wa namna gani. Kina mama wa kanisa walikuja wawili, wakaniombea, wakaniambia, "Jikaze, Mama Nekesa. Mshukuru Mungu una mmoja." Walisema kwa upendo. Sina ugomvi nao hata leo.

Nikajikaza. Jikaze kisabuni, si ndivyo mnavyosema? Wiki ya pili nilikuwa kwenye cherehani, shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zilikuwa zimenirundikia. Wewe ukaniuliza mtoto yuko wapi. Nikakuambia, "Amerudi kwa Mungu, na hayo mambo hatuongei." Hukuuliza tena. Nilijivuna moyoni kwamba nina mtoto mwenye adabu. Sikujua kuwa ulikuwa umeshaanza kujifunza kutoka kwangu.

Mwili ulinipa kama miezi miwili, halafu ukaanza madai yake. Taya ndiyo ilitangulia. Unajua sisi washonaji tunashika pini kwa midomo, nikadhani ni pini. Nikaacha pini, taya ikazidi. Mabega yakapanda mpaka karibu na masikio yakakataa kushuka. Chakula kikawa kinafika kifuani kinasimama. Nywele zangu za mbele, zile unazoniambia ni kwa sababu ya kusuka kubana, zilianza kutoka mwaka ule. Halafu siku moja mchana, nikiwa naweka kola tu, moyo ukaanza kukimbia. Nilikuwa nimekaa, sikuwa nimebeba chochote, na moyo ulikimbia kama wa mtu aliyefukuzwa na mbwa. Vidole vikafa ganzi, hewa ikawa haitoshi, na nikajua kabisa, Nekesa, nikajua kwamba hapa ndipo ninapokufa, juu ya kola ya mtoto wa watu.

Sikufa. Iliisha yenyewe, nikajipangusa nikamaliza kola. Wiki iliyofuata ikarudi, halafu ikawa inakuja bila hodi.

Nilimwambia Mama Achieng' peke yake, maana tulikuwa majirani tangu kule. Akanisikiliza, akatikisa kichwa.

"Ai! Hiyo ni presha kabisa. Hata mimi ilinianza hivyo hivyo, moyo gudu-gudu-gudu. Ngoja."

Akaingia kwake akatoka na vidonge vyake, akanikatia sita kutoka kwenye karatasi yake. Hivyo ndivyo tunavyoishi, kiberiti tunaazimana, chumvi tunaazimana, na dawa ya presha nayo nikaiazima. Hakuna aliyenipima. Nilimeza kimoja jioni na kimoja asubuhi, na siku ya tatu nikiinuka kutoka kwenye karai la nguo dunia ikazima.

Nilipofungua macho uso wako ulikuwa juu ya uso wangu. Ulikuwa umenimwagia maji mpaka na godoro. Na mimi, badala ya kukuambia kimbia uite mtu mzima, nilikushika mkono nikakuambia maneno ambayo nikiyakumbuka leo natamani kuyameza: "Usimwambie mtu. Hata baba yako. Ukimwambia ataacha kazi aje kukaa na mimi, na sisi tutaenda wapi?"

Ukaitikia kwa kichwa. Ulikuwa na miaka kumi, Nekesa, meno yako ya juu hata hayakuwa yamekaa sawasawa. Ukaitikia kama mzee wa kanisa.

Usiku ule ule ukaanza kuyasaga. Sasa sikiliza ujinga wangu. Kila mama kuanzia Raila hadi hapa Kabiro anajua mtoto akisaga meno usiku ni minyoo. Mimi pia nilijua. Nikaenda kemisti nikakununulia dawa ya minyoo. Ukasaga. Nikakununulia ya aina nyingine, ile chungu ya maji. Ukasaga. Mara ya tatu nikakupa huku nakugombeza kwamba unakula vitu vya barabarani, na wewe ukafungua mdomo ukaimeza bila neno. Sijui ulikuwa unafikiria nini. Nadhani ulifikiri ukimeza vizuri mimi nitapona.

Ukakonda. Mwalimu wako akakutuma nyumbani na barua kwamba unalala darasani. Hapo nikakuchukua kliniki, nikiwa tayari nimeshapanga maneno ya kumwambia daktari: minyoo sugu.

Yule daktari alikuwa kijana, shati lake halikupigwa pasi, na nilimdharau. Akakuangalia ulimi, akakubonyeza tumbo, akakuangalia meno kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Daktari, mwandikie ile ya nguvu. Hizi za kemisti zimeshindwa." Hakunijibu mimi. Akakuinamia wewe.

"Sasa, Nekesa. Wewe hulala saa ngapi?"

Ukaniangalia. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilikufungia mdomo. Daktari akaona ulivyoniangalia, akangoja tu. Ukasema kwa sauti ndogo:

"Nikimaliza kuhesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Pumzi za mama. Mpaka mia. Zikifika mia bila kusimama, nalala. Lakini wakati mwingine napotea, naanza tena."

Nekesa, nimezaa mara mbili, nimezika wazazi wangu wote wawili, na hakuna siku niliyowahi kusikia maneno yaliyonichoma kama hayo. Mimi nilidhani nimelibeba jambo lile peke yangu. Kumbe nilikuwa nimelitua kichwani pako na kuondoka nikipunga mikono.

Yule kijana hakunigombeza. Alikuacha wewe ukae, akanifunga mimi kile kitambaa cha kupimia presha. Presha ilikuwa sawa. Akanipima damu, akasikiliza moyo, akaniuliza mwaka huo kulitokea nini. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza tena. Nikasema, "Nilipoteza mtoto, lakini hiyo iliisha." Akaniambia maneno ambayo nimeyaweka, nakupa uende nayo:

"Mama, mwili haujui tofauti ya mbwa anayekukimbiza na wazo linalokukimbiza. Yote mawili unayakimbia kwa mguu ule ule."

Akanieleza. Ukiogopa, moyo unaongeza mwendo ili miguu ipate damu. Tumbo linasimamisha kazi, kwa sababu hakuna anayekula huku anakimbia. Unapumua juu juu na haraka, na hiyo ndiyo inafanya vidole kufa ganzi na kichwa kuwa chepesi. Misuli inajikaza, taya ikiwemo. Hayo yote ni mema kama mbwa yupo, kwa sababu mbwa ataondoka na mwili utarudi chini. Lakini wazo usilolisema haliondoki. Linalala hapo mlangoni na wewe unakimbia umekaa, mchana na usiku, mpaka mwili unachoka na kuanza kuvunja vitu vyake wenyewe. Mtoto naye akilala chumba kimoja na mtu anayekimbia, atakimbia pamoja naye hata kama haoni mbwa.

Ile habari ya vidonge vya kuazima ndiyo peke yake iliyomfanya apandishe sauti. Alinigombeza kama mama mkwe. Alisema ningeweza kuanguka kwenye jiko. Kwa hivyo nakuomba jambo moja la dawa tu: huko chuoni mtu asikukatie kidonge chake, hata awe rafiki wa chanda na pete. Na kifua kikikubana, kwanza upimwe. Usiseme ni mawazo kwa sababu mama yako alikuwa na mawazo. Mimi niliambiwa ni mawazo baada ya kupimwa, si kabla.

Kupona hakukuja siku ile. Nakuambia hivi kwa sababu wewe una haraka, unataka ukinywa maji leo kiu ya mwaka iishe.

Kwanza ilibidi nimwambie baba yako. Nilimngoja asubuhi, akavua buti, nikasema yote bila kupumzika, kuanguka, vidonge, mia yako. Niliogopa atanipigia kelele. Akasema, "Mimi kule geti usiku wote nalia. Nilidhani wewe umesahau." Tulikuwa tukipokezana kitanda kimoja na huyo mtu tangu Aprili, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kumficha. Agosti tukapanda kwenda Bungoma, wote watatu.

Wewe ulikuwa unacheza na binamu zako, kwa hivyo hukuona mwanzo wake. Kukhu, nyanya yako mzaa baba, huyo uliyepewa jina lake, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni anachambua mboga. Nikamwambia. Hakuniambia nijikaze. Aliuliza, "Mlimlilia?" Nikasema hapana, mtoto kama yule haliliwi, na hata kaburi hana. Akaweka ungo chini.

"Kaburi hatuna, lakini midomo tunayo."

Akasimama katikati ya ua, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru. Nekesa, alilia kama analia mume! Mimi nikashtuka, nikataka kumnyamazisha, watu watasema nini. Halafu nikasikia sauti yangu ikitoka, sauti ambayo Raila nisingeweza kuitoa, kwa mabati yale. Majirani wakaja mbio wakiruka ua, wengine na mikono ya unga. "Nani amekufa? Nani amekufa?" Kukhu akawajibu bila haya, "Mjukuu wangu Wafula. Alikufa Aprili, tunamlia leo. Kaeni."

Hapo ndipo alipopata jina. Wazee wawili walinung'unika kwamba mambo hayo hayafanywi hivyo. Kukhu akawaambia chai iko tayari, na wao wakakaa. Wewe ulikuja ukasimama mbele yangu na vumbi lako la miguu, ukaniangalia ninavyolia, na hukuogopa. Ukanikalia mapajani, mkubwa vile, ukalia na wewe. Ilikuwa mara ya kwanza tunalia pamoja, na usiku ule hukusaga meno. Nilikaa macho nikikusikiliza, mpaka nikalala bila kujua.

Sasa usije ukafikiri nduru ya Kukhu ilimaliza kila kitu, nikarudi Nairobi mwanamke mpya. Moyo uliendelea kukimbia mara kwa mara karibu mwaka mzima. Kilichobadilika ni kwamba sikuukimbia tena. Ukija, nilikuwa nauambia, umekuja, haya kaa. Yule daktari alinifundisha kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, na mimi nikaifunga na pedali: navuta kwa mishono mitatu, natoa kwa mishono sita. Wateja walidhani nimekuwa mvivu. Tulipohamia hapa Kabiro, Kawangware, nikaanza kutembea alfajiri na Mama Achieng', naye wakati ule alikuwa ameshatufuata upande huu kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumsikiliza duniani. Tunatembea mpaka jasho, tukizozana. Mwili uliojiandaa kukimbia, mpe kukimbia kidogo. Chai ya rangi baada ya jioni nikaiacha, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Na taya, kila nikikumbuka, naiachia, meno yasigusane. Jaribu sasa hivi unaposoma. Unaona? Yalikuwa yamegusana.

Wewe umekua kwenye cherehani hii, unajua kile kiskurubu kidogo cha kukazia uzi. Kikilegea sana mshono unafumuka, na wateja wanarudi na kelele. Lakini kikikazwa mno kitambaa kinajikunja, halafu uzi unakatika, na kila mara unakatika mahali penye kazi nyingi. Watu walinifundisha upande mmoja tu wa kile kiskurubu, na mimi nikakufundisha wewe upande huo huo. Ulipoanguka, nikasema jikaze. Ulipofeli hesabu, jikaze. Ulipoachwa na yule rafiki yako wa kidato cha pili ukalia siku mbili, nilisimama mlangoni nikasema jikaze, na ulijikaza kweli, nikakuona unajipangusa. Nilijua ni kosa nikiwa nalitamka. Mdomo una mazoea yake.

Neno hilo sikunyang'anyi lote. Kuna siku utalihitaji. Utakuwa na mitihani, utakuwa na baridi ya Meru ambayo nasikia si mchezo, utakuwa na siku za kukosa hata mtu wa kula naye, na siku hizo utakaza na utaenda. Msongo wa kazi unayoipenda haui mtu. Unakuwa juu mchana, jioni unashuka. Ninachokukataza ni kukaza juu ya siri. Ukiona unakaza ili mtu asijue, simama hapo hapo umtafute mtu mmoja umwambie. Awe mimi au mwenzako wa chumba au mwalimu au mtu wa ushauri wa hapo chuoni, maana nasikia wapo. Mmoja anatosha, mradi ajue yote.

Sasa turudi kwenye kazi yako.

Kitabu changu cha kliniki kiko juu ya kabati, chini ya mizani ya vitambaa... wapi, mizani hatuna tena, uliivunja. Kiko chini ya pasi. Najua unajua kilipo, kwa sababu kila mwezi nakikuta kimegeuzwa. Jumamosi, baada ya maneno ya Mama Achieng', nilienda nikapimwa. Presha iko juu kidogo safari hii, sikufichi. Daktari hajanipa dawa bado, ameniambia chumvi, kutembea, nirudi baada ya wiki mbili. Unaona nimekuambia? Miaka tisa iliyopita ningekuambia iko sawa, na wewe ungekaa macho, kwa sababu mtoto anajua. Hukuwa unahesabu kwa sababu mimi ni mgonjwa. Ulikuwa unahesabu kwa sababu mimi ni mwongo, na mtu akiishi na mwongo lazima ajihakikishie mwenyewe.

Basi ahadi ni hii. Nikiugua, utasikia kutoka kwangu, siku ile ile, kwa simu, bila sukari. Nikikuambia niko sawa, niko sawa. Na wewe hivyo hivyo. Ukinipigia uniambie "Ma, niko fiti," nataka iwe umekula na umelala. Kama hujala na hujalala, sema hivyo, na sitakuja mbio Meru na mfuko wa dawa ya minyoo. Nitakusikiliza tu. Nimejifunza, ingawa nimechelewa.

Mama Achieng' nimemwambia meseji hatumi. Amekasirika kidogo, alikuwa ameshaipenda hiyo kazi. Mlango wangu atagonga baba yako kila asubuhi akitoka Nyayo Highrise, kama alivyogonga miaka yote, na mimi nitamfungulia nikimlalamikia buti zake. Hiyo ni kazi ya mume wangu. Yako iko Meru, miaka mitatu, na nakutaka ukae yote mitatu. Usije mwisho wa wiki ya kwanza. Ukija nitakupokea, nitakupa chakula, na asubuhi nitakusindikiza mwenyewe mpaka steji, sanduku kichwani kwangu, Kawangware nzima ikituona.

Nitakukumbuka vibaya sana. Hilo pia silifichi. Chumba hiki kitakuwa kikubwa. Nitalia, pengine kwa sauti, na jirani atakohoa, na mimi nitaendelea. Lakini kulia si kufa, mama yangu, na sasa tunajua tofauti wote wawili.

Naona watoto wanakimbia huko nje, maana yake umetokea kwenye kona na kichwa chako kipya. Naficha karatasi.

Leo ukilala, utanisikia upande wa pili wa pazia. Ukijikuta umeanza moja, mbili, tatu, achia taya, geukia ukutani. Zamu yako imeisha. Zilizobaki nitazihesabu mwenyewe.

Ni mimi mama yako, ambaye anapumua.